Hereni ya Sikio la Pili

Bi Insaf hakuwa mtu wa kutishwa na mashine. Alikuwa amezika mume, amezika watoto wawili wa kiume kabla hawajatambaa, amehamishwa kutoka Ismailia kwa vita na kurudi Ismailia kwa amani, na katika yote hayo hakuna aliyemwona akitetemeka. Lakini siku alipoacha birika jikoni mpaka likaungua kitako, akasimama katikati ya moshi akijiuliza jiko hili ni la nani, siku hiyo alitetemeka. Dada yake Ratiba alianza hivyohivyo. Alimalizia umri wake ameukodolea macho mkono wake mwenyewe, akiuliza wenye mkono watakuja lini kuuchukua.

Aliyezima jiko ni Nahid, mke wa mwanawe. Aliyeleta habari za daktari ni huyohuyo Nahid.

"Wanakuwekea sumaku kichwani, Mama. Hawapasui, hawachomi sindano."

"Sumaku? Na nikipita karibu na friji nikanasa, nani atanibandua?"

"Mimi. Kwani nimekubandua mara ngapi kwenye mambo makubwa kuliko friji?"

Ndivyo walivyokuwa wakiishi. Watu husema mkwe na mavyaa ni paka na panya, lakini nyumba ile iliwaumbua wasemaji. Nahid alikuwa amemwogesha Bi Insaf alipovunjika nyonga, alimkata kucha, alimsuka nywele zilizobaki. Bi Insaf hakujaliwa binti, na hakuacha kumwambia Mungu kwamba jambo hilo halikumpendeza.

Kliniki ilikuwa gorofa ya tatu, kiti chake kama cha daktari wa meno. Daktari Ragia, mwanamke mnene mwenye sauti ya kubembeleza, alimtia pamba masikioni, akashika juu ya sikio la kushoto kile kidude cha plastiki chenye duara mbili kama miwani ya jitu.

"Haitii kitu kipya, Hajati," alisema. "Inagonga mlango tu, ili vilivyolala ghalani viamke."

"Na vikiamka na hasira je?"

"Basi utavituliza. Si wewe mama wa nyumba?"

Kidude kikaanza kugonga, tak tak tak, mfululizo, kisha kikapumzika, kisha tena. Shavu lilimcheza lenyewe bila idhini yake. Baada ya hapo daktari alimwonyesha picha za nyuso za watu asiowajua, kila uso na neno lake, halafu akayaondoa maneno na kumuuliza: huyu wa sharubu ni nani? "Kijiko." Na huyu bibi? "Daraja." Wiki za mwanzo alikosa karibu zote. Kisha akaanza kupata, na alipoanza kupata hakukamatika. Nyumbani alimkumbusha mwanawe Shehata ni nani hasa aliyevunja sinia la kaure la harusi, jambo ambalo lilikuwa limesingiziwa paka kwa miaka mingi. Shehata, mtu mzima mwenye wajukuu, aliinamisha kichwa mezani huku watoto wake wakimcheka mpaka machozi.

"Mmemtengeneza kupita kiasi," alimlalamikia mkewe. "Mwambie daktari apunguze moto."

Lakini Nahid alifurahi hadi akapika bata. Na kama kawaida ya nyumba ile, bata akishaliwa, hadithi ya yansuni ikasimuliwa.

Kila aliyeingia katika ukoo ule aliijua. Mwaka wa mizinga, watu wa Ismailia walipohamishiwa mkoa wa Sharkia, familia zililazwa kwenye madarasa ya shule, mikeka imebanana. Mkeka wa Insaf na mkeka wa Tafida, mama yake Nahid, ilikuwa ubavu kwa ubavu, na huko ndiko undugu wa familia hizi mbili ulikoanzia hata wakaja kuozeshana. Tafida akashikwa na homa, akachukuliwa hospitali, akaacha kitoto kichanga. Wenye maziwa waliogopa kukinyonyesha kisije kikawaambukiza wao na watoto wao. Basi vikongwe wakakinywesha maji ya yansuni, zile mbegu tamu zinazochemshwa kama chai, kwa kijiko, usiku na mchana, mpaka mama yake akarudi na kukikuta kimenona. "Ndiyo maana mke wangu ni mtamu," Shehata alizoea kumalizia, na Nahid alizoea kumpiga na kitambaa cha mezani.

Mambo yaligeuka Jumanne moja, asubuhi, jua limejaa dirishani pa kliniki.

Kidude kiligonga, shavu likacheza, na Bi Insaf akawa darasani. Simaanishi kwamba alikumbuka darasa. Alikuwemo. Vioo vya madirisha vimepakwa rangi ya buluu ili ndege za adui zisione mwanga, na hata taa hakuna. Harufu ya vitunguu na nepi. Mtoto analia kando yake. Mkono wake ukatoka chini ya blanketi, ukapapasa gizani, ukakuta kichwa, ukakuta sikio la kulia, na kwenye sikio hereni.

Hapo lazima niseme jambo. Insaf alipozaa mtoto wa tatu baada ya kuzika wawili, alimfanyia kama mama zetu walivyofanya siku zote kwa mtoto wa kiume anayehofiwa jicho la husuda. Alimpa jina baya, Shehata, yaani ombaomba. Alimvika gauni. Akamtoboa sikio la kulia, moja tu, akamtia hereni, ili wenye macho mabaya wadhani ni msichana wa watu hohehahe na wapite zao. Kwa hiyo gizani, katika chumba chenye vitoto chungu nzima, Insaf alikuwa na alama yake. Mkono ukigusa hereni, huyu ni wangu. Alimvuta, akampa ziwa, akalala huku akinyonywa.

Usiku ule wa kweli, zaidi ya nusu karne nyuma, mkono wake ulirudi chini ya blanketi, maana kulikuwa na baridi. Lakini sasa, kwenye kiti cha daktari, mkono haukurudi. Uliendelea, taratibu, ukapita kisogoni mwa mtoto, ukafika sikio la kushoto.

Nalo lilikuwa na hereni. Kishikizo chake kilikuwa kimefungwa uzi, na ncha ya uzi ilimchoma kidole.

Alipofumbua macho Nahid alikuwa amemwinamia, anamfuta kifuani kwa karatasi laini.

"Umejimwagia chai, Mama?"

Hakuwa amekunywa chai. Alikuwa na miaka sabini na kitu, maziwa yalikuwa yamemkauka kabla Nahid hajavunja ungo, na gauni lake lilikuwa na doa la majimaji upande wa kushoto, la vuguvugu. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni, na sisi tunaoishi kwa Firauni mwenyewe tumezoea kustaajabu, lakini hili lilimkausha mate. Alikunja mtandio juu ya kifua, akaushikilia hivyo hadi nyumbani.

Kesho yake walikuwa wamekaa kibarazani wanachambua majani ya mlenda. Bi Insaf akauliza kana kwamba anauliza bei ya nyanya, "Eti, mama yako alikutoboa masikio lini?"

"Siku ya saba, alivyosema. Hereni zenyewe si ninazo? Ngoja." Nahid akaingia ndani, akatoka na kikopo cha dawa cha zamani, akamwagia kiganjani vitu viwili vidogo vya dhahabu hafifu. "Tazama hii ya kushoto. Kishikizo kilikatika, mama akakifunga uzi. Hakuwahi kukitengeneza, alikuwa mvivu, Mungu amrehemu."

Bi Insaf hakuigusa. Aliutazama ule uzi, umekuwa mweusi kwa miaka, ncha imechomoza. Kisha akamtazama mwenye hereni, mwanamke wa makamo mwenye vidole vya kijani kwa mlenda, na furaha ikampanda ghafla, furaha tupu kabisa, kabla hofu haijapata nafasi ya kuvaa viatu. Nina binti. Mungu alinipa binti na sikuambiwa.

Halafu hofu ikafika. Maana kama huyu ni binti yake kwa ziwa, basi na Shehata ni mwanawe kwa ziwa lilelile, na ndugu wa kunyonya ziwa moja hawaoani. Hakuna asiyelijua hilo. Ndiyo sababu mwanamke akimnyonyesha mtoto wa mwenzake hutangaza, humwambia mume, huwaambia majirani, ili watu wajue na wakumbuke. Insaf hakutangaza kwa sababu hakujua. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe ilikuwa imelala usingizi.

Haikuja kila mara. Kuna siku aliondoka kwenye kiti na harufu ya sabuni ya shule tu, au sauti ya mzee akikohoa. Lakini ilikuja tena, na tena, usiku tofauti, mtoto yuleyule. Usiku mmoja kulikuwa na mvua. Mwingine mizinga ilisikika mbali na mtoto alikuwa ananyonya kwa pupa, anasita, anasikiliza, ananyonya tena. Kila mara mkono ulikwenda ng'ambo ya pili kutafuta uzi, na kila mara gauni lililowa.

Mara hizo za kumnyonyesha zilipotimia nne alijifungia chooni na simu, akapiga ile namba ambapo watu huuliza mashehe maswali ya dini. Sauti iliyopokea ilikuwa ya kijana, na nyuma yake mtu alikuwa anakoroga kikombe.

"Ninauliza kwa niaba ya jirani yangu," alisema Bi Insaf.

"Wote huuliza kwa niaba ya jirani, Mama. Sema."

Akasema. Kijana akaacha kutafuna kile alichokuwa anatafuna.

"Amemnyonyesha mara ngapi, kwa yakini?"

"Nne. Akili inasema ni zaidi, mtoto hawezi kuishi kwa nne. Lakini alizo na yakini nazo ni nne."

"Sheria haiendi kwa kukisia. Nne hazifanyi kitu. Ni tano, kamili, za kushiba. Nyumba iliyosimama kwa yakini haibomolewi kwa shaka, Mama. Mwambie jirani yako alale."

"Na akiikumbuka ya tano?"

"Basi haikuwa ndoa. Watoto wao ni halali, na kwa yaliyopita hawana dhambi, walikuwa hawajui. Lakini kuanzia saa watakayojua, hawawezi kulala chumba kimoja."

"Kuanzia saa watakayojua wao."

"Ndiyo, Mama. Na anayejua haimfai kuficha."

Alikata simu, akafungua bomba ili kelele za maji zifunike pumzi zake. Shehata alikuwa na sukari na presha na hawezi hata kupata soksi zake bila Nahid. Wangemtenganisha vipi mtu na soksi zake, na chai yake, na mgongo aliouegemea zaidi ya miaka thelathini? Wangewaambia nini wajukuu? Bi Insaf alimwogopa Mungu kweli, hakuwa mnafiki. Lakini siku hiyo aliiogopa zaidi ile nafasi tupu kitandani mwa mwanawe.

Jioni akatangaza kwamba kliniki basi, ametosheka.

"Utosheke na nini?" Shehata akapandisha sauti. Alikuwa mtu wa sauti, huruma yake ilitoka kwa makelele. "Juzi umenitajia majina ya walimu wangu wote! Wiki hii ndiyo ya mwisho, unataka kushuka kwenye treni kituo kimoja kabla ya kufika?"

"Kichwa changu, si chako."

"Mwache," akasema Nahid. Alisubiri mumewe atoke, akaja akakaa sakafuni, akaweka kichwa kwenye magoti ya mavyaa wake. "Mama, nikwambie ukweli? Siendi kule kwa ajili yako. Naenda kwa ajili yangu. Ratiba aliposahau, alianza na wakwe. Watoto wa kuzaa aliwashika mpaka karibu na mwisho. Damu inajuana, mimi je? Mimi mke wa mtu tu. Siku utakayoanza kusahau utaanza na mimi. Utaniuliza, wewe ni nani? Na mimi sina mama mwingine."

Bi Insaf alimpapasa nywele. Kidole chake kilipita nyuma ya sikio kikasimama hapo.

"Tutakwenda," alisema.

Asubuhi ya mwisho alivaa gauni jeusi, zito, lisiloonyesha maji. Alikuwa na mpango. Ikija, hatapapasa. Mkono ni wake, atauzuia. Atampa mtoto ziwa, na hatajua ni nani, na shaka itabaki shaka, na nyumba itasimama. Alikaa kitini kama mtu anayekaa kunyolewa, akafunga ngumi zote mbili.

"Legeza mikono, Hajati," alisema daktari.

"Iache. Ina baridi."

Tak tak tak.

Giza la buluu. Mtoto analia. Mkono ukatoka, ukagusa sikio la kulia, hereni. Akamvuta, akampa ziwa, na hapohapo akaukunja mkono, akaukandamiza kifuani kwa nguvu zake zote. Mtoto alinyonya. Alinyonya kwa muda mrefu, kwa utulivu, bila mizinga, bila mvua, mpaka akashiba na ziwa likamponyoka mdomoni. Bi Insaf alishukuru. Shehata wangu, alijisemea, huyu ni Shehata wangu, naye alikuwa karibu kuamini.

Ndipo alipohisi vidole. Vidogo mno, vya joto, vinatambaa juu ya ngumi yake gizani. Vilipata kidole chake cha shahada, vikakibandua kutoka kwenye wenzake, vikakishika imara. Kitoto cha miezi mitatu hakina nguvu ya kumvuta mtu mzima. Hiki kilimvuta. Kilikipeleka kidole chake polepole, kupita shavu, kupita ukosi wa gauni, hadi sikio la pili, kikakiweka pale.

Uzi ulimchoma.

Mashine ilinyamaza. Taa ya daktari, harufu ya dawa, nyuso mbili zimemwinamia. Chini ya gauni zito maji yalikuwa yanashuka hadi tumboni, na alijua, kwa yakini ambayo hakuna shehe angeiita shaka, kwamba ni tano.

"Mama?" Nahid alimshika mkono, kidole kilekile. "Umeona nini? Umecheka, halafu umelia."

Bi Insaf aliutazama ule uso. Alijua kila kitu chake, kovu la juu ya nyusi, jino lililopinda, jinsi anavyokunja pua kabla ya kulia. Alijua alivyokuwa akinyonya: kwa kusita na kusikiliza. Binti yangu, alimwambia kimoyomoyo, nisamehe. Kuanzia saa watakayojua. Basi wasijue: aliyesahau haulizwi aliona nini, na asiyemjua mtu hawezi kumtolea siri yake. Atakayeulizwa siku ya kuulizwa awe mmoja.

"Wewe ni nani, mwanangu?" alisema.

Nahid alikunja pua.

"Mama, usinifanyie mzaha."

"Mzaha gani? Wewe ni muuguzi? Mwambie mwanangu Shehata aje anichukue."

Daktari Ragia alileta picha zake haraka. Mwenye sharubu, ambaye ni kijiko. Bibi, ambaye ni daraja. Mvulana, ambaye ni limau. Bi Insaf alizijua zote, maneno yalimjaa mdomoni, na kwa kila picha alitikisa kichwa. Daktari aliweka picha chini, akasema hajawahi kuona mtu akianguka hivi kwa siku moja, na wakakubaliana kwamba sumaku isimguse tena. Kwenye ngazi Nahid alimshika kiwiko, akamwambia angalia hapa pana kidato, Bibi, kwa adabu ile anayopewa mtu wa barabarani. Alilia teksi nzima akiwa amegeukia dirisha, na Bi Insaf alikaa kando yake, mikono mapajani, akatazama mbele.

Sasa ni mwaka wa pili. Mashine ilifanya kazi yake vizuri mno. Hajasahau hata harufu ya ile sabuni. Kila Alfajiri anaomba usahaulifu wa kweli uje umpumzishe, na hauji. Shehata anamjua, wajukuu anawajua, hata paka. Mmoja tu katika nyumba nzima ndiye asiyemjua, na majirani wananong'ona kwamba vikongwe wana roho mbaya, mtu anakusafisha uchafu wako na wewe humkumbuki hata jina.

Nahid hajaacha. Kila magharibi anakuja na kikombe, anakaa ukingoni mwa kitanda, anapuliza mvuke.

"Kunywa. Hii ni yansuni. Ndiyo iliyonilea mimi, unajua? Mama yangu alikuwa hospitalini, sikupata tone la maziwa."

"Ehe," anasema Bi Insaf. "Na mama yako nani?"

"Tafida."

"Tafida," anasema Bi Insaf, akimtazama masikioni. "Ana bahati huyo Tafida."

Na Nahid anachukua kitambaa kumfuta kifuani, maana gauni limelowa tena, ingawa kikombe bado kiko mkononi mwake na hakijapungua.